Elimu ya Ubongo: Je, Tumzuie Anayetaka Kuisoma?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi na wahitimu wa madrasa yetu. Yamehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

 



Tulipotakiwa kuzungumza leo tulipewa anuani pana, nayo ni "Vijana na elimu za kisasa". Anuani hiyo imekwisha kuzungumzwa mara nyingi katika ukumbi huu, na kila mara tumeondoka hali ya kuwa tumekubaliana kwamba elimu ni jambo zuri. Leo tumeonelea tuchukue elimu moja tu, kwa kuwa imetufika mlangoni na kutaka jibu. Nayo ni elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu, isomwayo katika vyuo vikuu kwa njia ya utafiti, baada ya shahada ya kwanza.

Kwanza tutasimulia kisa, na wahusika wake wametupa ruhusa.

Miaka kumi iliyopita, tulipokuwa tumerejea karibuni kutoka masomoni Sudan, tulikabidhiwa darasa la watoto wa kuhifadhi. Alikuwemo mtoto wa miaka tisa, mwenye sauti nzuri na hifdhi nyepesi. Ila mtoto huyu alikuwa akisoma, katikati ya aya hunyamaza. Hunyamaza sekunde chache, macho ameyakodoa ukutani, kope zikimchezacheza, kisha huendelea. Mara nyingine pale pale alipoachia, mara nyingine mahali pengine kabisa. Tukamwonya. Tukamsimamisha juani. Mwisho tukamchapa bakora, na wala si siku moja. Sisi tuliona ule ni mchezo na dharau mbele ya Kitabu. Baadhi ya wenzetu wakasema ana jini. Akasomewa wiki mbili, na hali ikabaki ile ile.

Mtoto huyu alikuwa na dada yake wa miaka kumi na mitatu, akisoma upande wa wanawake, baina yetu pazia. Siku moja mama yao alitujia na daftari la hesabu alilopewa na binti huyo. Katika kurasa za nyuma mlikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, saa, mahali, na muda wa kila tukio, aliouhesabu kwa vidole. Kwa siku moja tu alikuwa ameandika mara ishirini na tatu: akila, akivaa viatu, hata akicheka. Chini yake ameandika: "Maalim, hata kwenye mpira anaacha kukimbia. Nani anafanya dharau kwenye mpira?"

Hatukuwa na jibu. Mtoto akapelekwa hospitali. Daktari alimtaka apumue kwa nguvu na kwa haraka, kana kwamba anapuliza moto, na kabla ya dakika tatu kwisha hali ile ikamjia pale pale mbele yetu. Kilikuwa ni kifafa. Si kile cha kuanguka na kutoka povu tukijuacho sote, bali aina nyingine ambayo mtoto hutoweka kwa sekunde chache na kurudi, wala hajui kwamba alitoweka. Alipewa dawa, na baada ya miezi kadhaa hali hiyo ikakoma. Leo amehifadhi juzuu zote thelathini. Tulimtaka radhi mbele ya darasa zima, naye akatusamehe haraka mno, kama watoto wasameheavyo. Sisi wenyewe bado.

Dada yake sasa ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye shahada ya kwanza ya baiolojia aliyoisomea hapa hapa nchini. Mwaka huu anaomba nafasi ya kusoma uzamili, na baadaye uzamivu, katika elimu ya ubongo kwenye Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, ambako mjomba wake anaishi na mkewe. Baba yake alikuja kutuuliza: "Maalim, wewe unasemaje?" Nasi tukajibu kwamba haifai. Tulisema elimu hiyo inaikanusha roho, na kwamba atakayeisoma hatarudi kama alivyokwenda. Tulisema hivyo hali ya kuwa hatujapata kusoma hata ukurasa mmoja wa hiyo elimu tuliyoikataa. Lile daftari la hesabu ndilo lililotusumbua usiku. Tukamwomba yule baba asitekeleze jibu letu mpaka tusome kwanza. Haya tutakayoyasema ndiyo tuliyoyapata, na myachukue kuwa ni maneno ya mtu aliyesomea lugha ya Kiarabu na sharia, wala si ya bingwa wa fani.

Elimu yenyewe

Waarabu wa leo huiita ilmul-a'saab, na asabu ni huo mshipa wa fahamu. Kiswahili chetu kimepatia kuliko lugha nyingi: mshipa wa damu, na mshipa wa fahamu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu gramu 1,400, nao hutumia kama sehemu moja katika tano ya nguvu ya mwili uliopumzika. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ndani yake mna seli za neva bilioni 100, na ukiuliza ni nani aliyezihesabu, hapatikani. Mwanamke mmoja wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, akifanya kazi Rio de Janeiro, aliuliza swali hilo hilo la kitoto. Njia aliyoibuni ni kuuyeyusha ubongo ukawa kama mchuzi, kisha akahesabu viini vya seli katika sampuli ndogo ya mchuzi ule. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa hesabu yao: kiasi cha bilioni 86. Tunakitaja kisa hiki kwa makusudi, kwani wapo wanaodhani kwamba elimu hii haina maswali yaliyobakia kwa watu watokao nchi zisizo tajiri.

Kama fani moja yenye jina lake, elimu hii ni changa. Zamani aliyetaka kuujua ubongo aliingia kwa mlango wa tiba, au wa kemia, au wa nafsi, na wenye mlango huu hawakuzungumza na wenye mlango ule. Mwaka 1962 Francis Schmitt aliwakusanya chini ya mpango mmoja katika chuo cha MIT, na mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Harvard kikaanzisha idara chini ya Stephen Kuffler. Ndiyo maana hata leo darasani humo utamkuta mhandisi, mwanafizikia na mwanabaiolojia wamekaa benchi moja, kila mmoja hajui nusu ya anayoyajua mwenzake.

Hapa mzungumzaji katika mimbari zetu hupenda kusimama na kusema kwamba sisi ndio tuliotangulia. Ni kweli kwamba Ibn al-Haytham aliandika juu ya jicho na mishipa yake mambo ambayo Ulaya iliyasoma kwa karne nyingi. Lakini ni kweli vile vile kwamba Ibn Sina, akifuata waliomtangulia, aliiweka kumbukumbu katika uwazi wa nyuma ya ubongo, na hilo limeonekana kuwa si sahihi. Na huyo huyo Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Batlamyus. Kujifaharisha na jina lake huku tukimkataza binti wa watu kuhoji ni kumchukua nusu.

Tumesema binti huyu anaomba Montreal. Mji huo una historia katika jambo hili, na historia yake imeanzia kwenye kifafa. Mwaka 1934 daktari Wilder Penfield alifungua huko taasisi ya mishipa ya fahamu. Aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Akigusa hapa kwa umeme mdogo mkono unacheza, akigusa pale mgonjwa anasikia sauti, na hivyo akajua ni wapi akate na ni wapi aache. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu wa McGill, Brenda Milner, aliruhusiwa kuwachunguza wagonjwa hao, naye akaipata shahada yake mwaka 1952.

Mwaka uliofuata, mbali na hapo, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyeteswa na kifafa kikali, akamwondolea pande zote mbili za ndani ya ubongo sehemu iitwayo hipokampasi pamoja na vilivyo jirani yake. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile kijana yule hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Ukizungumza naye, ukatoka, ukarudi baada ya muda mfupi, anakusalimu kama mgeni. Milner alisafiri kwa treni kutoka Montreal kwenda kumpima, na mwaka 1957 yeye na Scoville wakachapisha waliyoyaona.

Sikilizeni jambo lililotushangaza sisi walimu wa hifdhi. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kutazama mkono wake kwenye kioo, kazi inayomchanganya kila mtu mwanzoni. Siku ya kwanza alikosea sana. Siku ya tatu alichora vizuri. Na kila siku alipoletewa kazi ile, alisema hajapata kuiona. Mkono umejifunza, mwenyewe hana habari. Ikabainika kwamba kumbukumbu si chombo kimoja.

Nani kati yetu walimu hajamwona mtoto ambaye ulimi wake unakimbia na juzuu nzima, lakini ukimsimamisha katikati ukamuuliza yuko sura gani, hajui, na ili ajue lazima arudi mwanzo? Tulikuwa tukimwita mzembe. Hatusemi kwamba mtoto huyo ni kama yule mgonjwa, la hasha. Tunasema kwamba ulimi una hifdhi yake na fahamu ina hifdhi yake, na mwalimu anayelijua hilo atauliza maswali mengine na atashika bakora mara chache.

Molaison alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 82. Mmoja wa waliomchunguza tangu miaka ya 1960 ni Suzanne Corkin, aliyeanza naye akiwa mwanafunzi wa Milner hapo McGill, na akaendelea kumchunguza takriban maisha yake yote. Kazi ya utafiti kwa mwanafunzi huanza hivyo: mtu mmoja mgonjwa, swali moja, na miaka hamsini.

Mwanafunzi hufanya nini huko

Baba wa binti yetu alituuliza: "Akirudi atakuwa daktari wa kutibu?" Jibu ni hapana, na wazazi walijue hili mapema ili wasije wakaona wamedanganywa. Shahada ya uzamivu katika elimu hii humfanya mtu mtafiti. Haimpi ruhusa ya kuandika dawa.

Nchini Marekani programu ya uzamivu kwa kawaida huchukua miaka mitano au sita, na wengi huingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Kanada wengi huanza na uzamili, na anayefanya vizuri huhamishwa kwenda uzamivu. Mwanzoni kuna masomo ya darasani, na katika programu nyingi mwanafunzi huzungushwa kwenye maabara mbili au tatu, kila moja kwa wiki kadhaa, apate kuona kazi na kumwona msimamizi. Hapo pana hekima kubwa, kwani atakuwa na mtu huyo kwa miaka. Waliopita njia hiyo wametuambia kwamba mwanafunzi aliyechagua jina kubwa akaacha tabia njema hujuta mwaka wa tatu. Baada ya hapo kuna mtihani wa kupima kama anafaa kuendelea, kamati ya walimu wa kumfuatilia, tasnifu, na mwisho kuitetea mbele ya wataalamu.

Baina ya mtihani na tasnifu ndipo ilipo kazi, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni kushindwa. Jaribio huchukua miezi mitatu kuandaliwa na asubuhi moja kuharibika. Mashine haisomi, panya hajifunzi, takwimu hazisemi kitu. Kijana aliyezoea kuwa wa kwanza darasani huvunjika moyo hapo, maana hakuna wa kumpa alama. Aidha anahitaji hisabati na kuandika programu za kompyuta kuliko anavyodhani, na vijana wetu waliokimbilia baiolojia ili wakwepe hesabu wasikie.

Kuhusu gharama, wengi wetu hukata tamaa bila ya kuuliza. Mwanafunzi wa utafiti katika sayansi hizi kwa kawaida hupewa posho. Katika programu nyingi za uzamivu za Marekani ada hubebwa na chuo au na ruzuku ya profesa. Kanada posho hutolewa, lakini mara nyingi ada hukatwa humo humo, basi barua ya nafasi isomwe mstari kwa mstari kabla ya kutia saini. Posho hiyo ni ya kuishi kwa kubana. Hajengi mtu nyumba Tanga kwa posho ya mwanafunzi.

Wengine wameuliza kuhusu panya. Naam, maabara nyingi hutumia wanyama, na huuawa. Vyuo vina kamati zinazopitia kila mpango kabla ya kazi kuanza: wanyama wangapi, maumivu gani, kwa faida gani, na je, hakuna njia nyingine. Kwetu sisi kumtesa mnyama bure ni haramu, na mwanafunzi anao wajibu wa kuuliza hata pale kamati iliponyamaza. Pia zipo maabara zisizogusa mnyama, zinazofanya kazi na picha za sumaku kwa watu waliokubali. Kwa njia hiyo Eleanor Maguire na wenzake walionesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kuhifadhi mitaa kiasi cha 25,000, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Palikuwa na shaka: je, waliumbwa hivyo ndipo wakaiweza kazi? Mwaka 2011 alitoa majibu na mwenzake baada ya kuwafuata wanagenzi 79 tangu walipoanza. Waliofaulu ubongo wao ulibadilika, walioshindwa haukubadilika. Utafiti kama huo juu ya mahafidhi wetu, ukifanywa na mtu anayeijua hifdhi kwa ndani, tungefurahi kuuona.

Wala wanafunzi si wabeba vyombo tu. Mwaka 2005, huko Stanford, kundi la Karl Deisseroth lilionesha kwamba ukiipandikiza seli ya neva protini itokayo katika mwani wa majini, unaweza kuiwasha kwa mwanga kama taa. Miongoni mwa waandishi wa kazi hiyo ni Edward Boyden na Feng Zhang, wote wawili wakati huo wakiwa wanafunzi.

Sasa tuje kwenye lile tulilolikatalia. Francis Crick, mwenye tuzo ya Nobel ya mwaka 1962, aliandika kitabu mwaka 1994 akidai kwamba mtu, pamoja na furaha na huzuni zake, si chochote zaidi ya kazi ya seli zake za neva. Lakini John Eccles, aliyepata Nobel mwaka 1963 kwa kazi yake juu ya seli hizo hizo, alishikilia maisha yake yote kwamba nafsi haikomei kwenye ubongo. Wote wawili waliyajua vipimo vile vile. Basi kipimo ni kitu kimoja, na itikadi ya mpimaji ni kitu cha pili. Mwanafunzi aliyelelewa vizuri ataweza kumwambia mwalimu wake kwa adabu: hili umelipima, na hili umelisema. Asiyeweza kutofautisha atapotea hata akisoma biashara. Tulipaswa kumfundisha binti huyu tofauti hiyo. Badala yake tulitaka kumfungia mlango.

Na akirudi atafanya nini? Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wametengwa, watu wakiogopa hata kula nao, na akaandika juu ya watoto wanaotikisa vichwa kwa namna isiyojulikana. Baadaye hali kama hiyo ikaonekana Sudan ya Kusini na kaskazini ya Uganda. Leo inahusishwa na maradhi ya usubi yanayoenezwa na inzi weusi wa mitoni, lakini ni vipi hasa mnyoo yule anapelekea kifafa, hilo bado linatafutwa. Miaka sitini na zaidi, na watoto ni wetu. Kilifi kuna watafiti wa kifafa na malaria ya ubongo. Nairobi Chuo Kikuu cha Aga Khan kina taasisi ya ubongo na akili. Na Ishaka, Uganda, tangu mwaka 2011 vijana wa Kiafrika wamefundishwa kuchunguza mishipa ya fahamu kwa kutumia inzi wadogo wa matunda, ambao ufugaji wao hauna gharama kubwa. Mahali pa kurudia papo, ingawa ni pachache na mishahara haivutii.

Suala la safari ya binti na makazi yake tumeliacha kwa wazazi wake na mjomba wake. Wamekwisha kulizungumza, na si la kujadiliwa hadharani.

Tulirudi kwa baba yake siku ya Ijumaa baada ya alasiri, tukamwambia kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa jibu la mtu asiyejua, na kwamba tunalifuta. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Maalim, mbona uliharakisha?" Tukasema ndivyo tulivyoharakisha na bakora. Alicheka kidogo. Hajasema ndiyo mpaka leo tunapozungumza. Amesema anaswali istikhara.

Chuo kinataka barua za walimu wanaomfahamu mwombaji. Mbili zimetoka chuo kikuu alikosoma. Ya tatu ametuomba sisi, jambo ambalo hatukulitarajia, nasi tumeiandika kwa Kiingereza chetu kibovu, mwalimu wa sekondari akatusahihishia. Hatukuandika kwamba ana akili nyingi. Tumeandika habari ya daftari la hesabu: mistari, tarehe, saa, mara ishirini na tatu, na swali lake kuhusu mpira. Daftari lenyewe bado analo mama yake.